Mwongozo kamili: Kunyoosha istilahi za mitandao pepe ya juu katika hati za kiufundi

"Kila NVE lazima iwe na VNI ya kipekee." Sentensi hii, au inayofanana nayo, ni rahisi kuikuta katika hati ya usanifu wa kituo cha data, na haina maana moja. NVE ni chombo cha ukingoni kinachofungasha data za mitandao pepe; VNI ndilo neno lenye utata. Aliyezoea RFC 7348, moja ya hati za kiufundi za intaneti ziitwazo RFC, ataelewa kuwa kila kifaa kipewe namba yake ya biti 24. Akitekeleza hivyo mtandao hautafanya kazi, kwa sababu kifaa kinachopokea kitaikuta namba ambayo hakina habari nayo na kuitupa pakiti. Aliyezoea RFC 7365 atashangaa kwa nini jambo hilo limeandikwa: kwake VNI ni ile sehemu ya mtandao pepe inayoishi ndani ya NVE moja, kwa hiyo kila moja tayari ni ya kifaa chake. Wote wawili wamesoma vizuri. Mwandishi ndiye hakusema anazungumza lugha ya hati ipi.

Mwongozo huu ni wa anayeandika au kuhakiki hati ya aina hiyo: rasimu ya kiwango, usanifu wa kituo cha data, masharti ya zabuni, au maelezo ya kufundishia. Mitandao inayozungumziwa ni ile ambayo fremu (kifurushi cha data cha Ethaneti) ya mpangaji, yaani mteja mwenye mtandao pepe, hufungashwa ndani ya pakiti ya IP, ikavushwa juu ya mtandao wa kawaida, kisha ikafunguliwa upande wa pili. Mtandao wa mpangaji tutauita mtandao wa juu, na ule unaoubeba mtandao wa chini. Mafundi wengi husema ovalei na andalei. Hakuna ubaya, mradi hati nzima ishike jozi moja.

Hati za kuwa nazo mezani

Msingi ni RFC 7365 ya Oktoba 2014, iliyotoka katika kikundi kazi cha NVO3 cha IETF, shirika linalotunga viwango vya intaneti. Ndiyo iliyoweka mfumo mzima na orodha ya istilahi. Pacha wake, RFC 7364 ya mwezi uleule, inaeleza tatizo lililokuwa likitatuliwa. RFC 8014 ya Desemba 2016 inaongeza usanifu na maneno machache mapya, na RFC 8394 ya Mei 2018 inashughulikia NVE iliyogawanywa kati ya vifaa viwili.

Kwa ufungashaji kuna VXLAN katika RFC 7348 ya Agosti 2014, NVGRE katika RFC 7637 ya Septemba 2015, na Geneve katika RFC 8926 ya Novemba 2020. Kwa udhibiti unaotumia BGP (itifaki ya kubadilishana habari za njia), chukua RFC 7432 ya Februari 2015 kuhusu EVPN, yaani namna ya kutangaza anwani za Ethaneti kupitia BGP, RFC 8365 ya Machi 2018 inayoeleza EVPN juu ya mitandao hii, na RFC 9135 ya Oktoba 2021 inayounganisha usafirishaji wa tabaka la 2 (Ethaneti) na la 3 (IP).

Angalia hadhi ya kila hati kabla ya kuinukuu, maana si kila RFC ni kiwango. RFC 7348 na RFC 7637 ziliwasilishwa na watunzi wake nje ya vikundi kazi na zina hadhi ya maelezo tu. RFC 7365 na RFC 8014 nazo ni za maelezo, ingawa zimepita katika IETF. RFC 8926, RFC 7432, RFC 8365 na RFC 9135 ndizo zilizo katika njia ya viwango. Kwa hiyo anayeandika katika zabuni kwamba "kifaa kifuate kiwango cha IETF cha VXLAN" anadai kitu ambacho hakipo kwa jina hilo, na mzabuni mjanja anaweza kukipenyeza hapo kifaa chochote. Andika "kifuate RFC 7348" na umemaliza.

Hatua ya 1: Chagua hati mama moja

Hati yako iwe na mama mmoja wa maneno. Kwa karibu kila kazi inayohusu mitandao hii, mama huyo ni RFC 7365, kwa sababu haikufungwa kwa ufungashaji wowote. Katika sehemu ya istilahi andika wazi: "Maneno yasiyofafanuliwa hapa yana maana ya RFC 7365. Pale hati hii inapotumia neno la RFC 7348, RFC 8926 au RFC 7432, namba ya hati hiyo imetajwa."

Usichanganye mama wawili kwa kudhani kwamba wanasema kitu kimoja. ITU-T, tawi la viwango la Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ina pendekezo la Y.3011 la mwaka 2012 linalozungumzia mitandao pepe kwa upana zaidi. Lina kifupi chake, LINP, kwa sehemu ya mtandao iliyotengwa kimantiki. ETSI, taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya, nayo ina hati ya istilahi, GR NFV 003 (awali GS NFV 003), lakini hiyo inahusu kuzifanya kazi za mtandao, kama ngome za moto na ruta, ziendeshwe kama programu kwenye seva. Kuufanya mtandao wenyewe kuwa wa pepe na kuzifanya kazi zake kuwa za pepe ni mambo mawili. Mfumo unaweza kuwa na moja bila jingine, na hati inayoyaandika yote mawili "mtandao pepe" itazaa mabishano siku ya makabidhiano.

Hatua ya 2: Fuata fremu moja, ukitaja kila kituo

Hii ndiyo hatua inayofichua maneno yanayokosekana. Chora seva mbili na mtandao wa chini kati yao, kisha isindikize fremu kutoka mashine pepe A hadi mashine pepe B. Kila inapogusa kitu, kipe jina.

Fremu inaanzia kwenye mfumo wa mpangaji. RFC 7365 inasema huu ni mfumo wa kimwili au wa pepe unaoweza kuwa seva ya kawaida au kipitishaji kama ruta au ngome ya moto, ni mali ya mpangaji mmoja, na unaweza kuungana na mtandao mmoja au zaidi wa mpangaji huyo. Ona kilichobebwa humo. Mfumo wa mpangaji si lazima uwe mashine pepe. Na mpangaji mmoja aweza kuwa na mitandao mingi, hivyo "mtandao wa mpangaji" na "mpangaji" havibadilishani nafasi. Hati inayosema "tenga namba moja kwa kila mpangaji" imemnyima mpangaji huyo mtandao wa pili kabla hajauomba.

Fremu inatoka kupitia TSI, kiolesura kama mfumo wa mpangaji unavyokiona, na inaingia NVE kupitia VAP, yaani sehemu ya kuunganishia kwa upande wa NVE. TSI imefafanuliwa katika RFC 8014, VAP katika RFC 7365. Watu huzichanganya kwa sababu kwenye mchoro zinagusana. Tofauti yake hujitokeza mashine pepe inapohamishwa kutoka seva moja kwenda nyingine: TSI inasafiri nayo, VAP inabaki na NVE ya zamani, na NVE mpya inaunda VAP yake. Ukiandika kwamba "VAP inahamia seva mpya" umeeleza jambo lisilotokea, na anayeandika programu ya uhamishaji atakosa hatua ya kufuta VAP kuukuu. VAP inaweza kuwa poti ya kimwili, au poti ya kimantiki inayotambulika kwa namba ya VLAN (kigawanyo cha mtandao wa Ethaneti) au kwa namba ya ndani ya swichi pepe.

NVE ni chombo kilichopo ukingoni mwa mtandao wa chini. Upande mmoja kinawatazama wapangaji, upande wa pili kinatumia mtandao wa chini kuvusha fremu zao hadi NVE nyingine. Kinaweza kuwa ndani ya haipavaiza (programu inayoendesha mashine pepe), ndani ya swichi iliyo juu ya kabati la seva, au kikagawanywa. Kikigawanywa, RFC 8394 inaita kipande cha upande wa seva tNVE na cha upande wa mtandao nNVE. Tumia majina hayo, usiandike "nusu NVE" wala "NVE ya nje" bila kufafanua.

Ndani ya NVE, fremu inashughulikiwa na nakala ya mtandao husika, yenye jedwali lake la kupitishia. NVE inatazama jedwali hilo, inajua fremu iende NVE ipi, inaifungasha, na katika heda inaweka namba ambayo RFC 7365 inaiita VN Context. Kisha pakiti inaingia mtandao wa chini, ambao hauna haja ya kujua umebeba nini. Upande wa pili, NVE inayopokea inasoma VN Context, inachagua nakala sahihi, na fremu inatoka kupitia VAP na TSI hadi B.

Imebaki ubavuni NVA, chombo kinachozipa NVE habari za nani yuko wapi. Kisichorwe katikati ya njia ya fremu. Pakiti za wapangaji hazipiti kwa NVA, na mchoro unaoiweka hapo husababisha mtu aipimie uwezo wa kubeba trafiki yote ya kituo.

Hatua ya 3: Livunje neno VNI vipande

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Herufi N haina ugomvi, na ugomvi wa V ni mdogo. Mzizi wa fitina ni herufi I.

Katika RFC 7365, I ni "Instance": VNI ni nakala ya VN (mtandao pepe) kama inavyoonekana na NVE moja. Katika RFC 7348, I ni "Identifier", na V ni VXLAN yenyewe: VNI ni kitambulisho cha mtandao wa VXLAN. Katika RFC 8926 I ni "Identifier" tena, lakini V imerudi kuwa ya pepe: kitambulisho cha mtandao pepe. Herufi tatu, virefu vitatu, maana mbili. Nakala huishi ndani ya kifaa na huwa na jedwali na kumbukumbu. Kitambulisho ni namba inayosafiri kwenye waya. Nakala hufutwa, kitambulisho hutengwa na kurudishwa ghalani.

Ukiandika kwa Kiswahili una silaha inayojaribu: VNI hii kwa nakala, VNI hiki kwa kitambulisho. Usiitegemee. Msomaji wa haraka hatagundua kwamba upatanisho umebeba tofauti ya maana, na mhariri makini ataunyoosha akidhani ni kosa. Dawa ya kudumu ni kuacha kifupi kimoja kibebe maana moja tu katika hati nzima, na maana ya pili ipewe maneno kamili. Kwa hati zinazohusu VXLAN au Geneve, VNI ibaki kuwa kitambulisho, maana ndivyo vifaa na mafundi wanavyosema, na nakala iandikwe "nakala ya VN". Kwa rasimu inayofuata RFC 7365 moja kwa moja, VNI iwe nakala na namba iitwe VN Context daima. Njia zote mbili zinafaa, kuzichanganya hakufai.

Tafsiri ya "Instance" nayo ichaguliwe kwa makusudi. "Tukio" linaelekeza kwenye jambo lililotokea saa fulani na litagongana na matukio ya kumbukumbu za mfumo. "Mfano" litasomeka kama kielelezo. "Nakala" si kamilifu, kwa kuwa msomaji anaweza kuuliza asili iko wapi, lakini sentensi moja inatosha kumjibu: VN haina makao mahali pamoja, ni jumla ya nakala zake katika NVE zote.

Kisha jibu swali la pili kuhusu namba: ina maana mahali pote, au kwa kifaa kimoja tu? RFC 7365 inaruhusu VN Context iwe ya aina zote mbili. Katika vituo vingi vya VXLAN namba ni moja kila mahali. Lakini EVPN juu ya VXLAN inaruhusu pia namba inayochaguliwa na NVE inayopokea, kama zinavyofanya lebo za MPLS, teknolojia ya kupitisha pakiti kwa lebo. Hati isiposema, mtu wa ufuatiliaji ataandika programu inayodhani kuwa 10100 ni mtandao uleule popote aionapo, na siku vituo viwili vikiunganishwa ripoti zake zitachanganya wapangaji.

Hatua ya 4: Tengeneza jedwali la ulinganisho

Jedwali liwe na safu ya kila kitu kinachotajwa na nguzo ya kila familia ya hati. Hili hapa la kuanzia:

| Kinachotajwa | RFC 7365 | VXLAN | NVGRE | Geneve | EVPN |
|---|---|---|---|---|---|
| Mtandao wote wa mpangaji | VN | segimenti ya VXLAN | sabneti pepe | mtandao pepe | EVI, au eneo la utangazaji ndani yake |
| Sehemu iliyo ndani ya kifaa kimoja | VNI | – | – | – | MAC-VRF au IP-VRF |
| Namba ndani ya heda | VN Context | VNI | VSID | VNI | namba ya ufungashaji uliotumika |
| Chombo cha ukingoni | NVE | VTEP | NVE | ncha ya handaki | PE |

Vistari havimaanishi uzembe: hati hizo za ufungashaji zinaeleza kinachoonekana kwenye waya, hazikuhitaji jina la kilicho ndani ya kifaa. Usizibunie jina.

Nguzo ya EVPN inahitaji tahadhari. EVI (mtandao mmoja wa EVPN) imetandaa katika PE (ruta za ukingoni) zote zinazoshiriki, kwa hiyo jirani yake wa karibu ni VN, wala si VNI ya RFC 7365 ingawa herufi ya mwisho ya vyote viwili ni "Instance". Cha ndani ya kifaa kimoja ni MAC-VRF, jedwali la anwani za MAC, au IP-VRF, jedwali la njia za IP. Tena EVI moja si lazima iwe VN moja: RFC 8365 inaruhusu eneo moja la utangazaji kwa kila EVI, au maeneo mengi ndani ya EVI moja, kila moja na namba yake. Katika jedwali lako andika umechagua ipi.

VTEP na NVE pia si pacha kamili. VTEP ni ncha inayoanzisha au kumaliza mahandaki ya VXLAN. NVE ni pana zaidi: haijali ufungashaji, na inajumuisha VAP na nakala. Kila VTEP unaweza kuiita sehemu ya NVE. Kinyume chake hakishiki.

Ongeza nguzo ya mwisho kwa maneno ya bidhaa unayotumia. Kwenye swichi za Cisco Nexus, kwa mfano, `interface nve1` ni kiolesura cha VXLAN, na `vn-segment` chini ya VLAN ndiyo inayoipa namba. Katika Linux kitu hichohicho ni kifaa cha aina ya `vxlan` chenye `id`. Maneno ya L2VNI na L3VNI ni ya wauzaji. Ukitaka kusema kwa lugha ya viwango, andika "VNI ya MAC-VRF" na "VNI ya IP-VRF". Na "VXLAN ya tabaka la 3" lisikupotoshe: VXLAN ya RFC 7348 daima hubeba fremu ya Ethaneti ndani, hata kazi inapokuwa ya kuelekeza IP. Ndiyo maana EVPN ya namna hiyo inahitaji kutangaza anwani ya MAC ya ruta. Geneve ina uga wa aina ya itifaki na inaweza kubeba IP moja kwa moja.

Hatua ya 5: Andika fasili zinazoshika

Kila fasili ianze na aina ya kitu: ni chombo, namba, jedwali, au uhusiano? "VN Context ni namba iliyo katika heda…" inashika. "VN Context inahusu utengaji wa wapangaji" haishiki, kwa kuwa karibu kila kitu humu kinahusu utengaji wa wapangaji.

Fasili isiwe na amri ndani yake. Maneno ya lazima, yafaa na yaweza, katika maana ya RFC 2119 ya 1997, yana nafasi yake katika sehemu ya masharti. RFC 8174 ya 2017 ilifafanua kuwa yana uzito huo maalumu yanapoandikwa kwa herufi kubwa tu. Ukiandika hati yako kwa Kiswahili, fanya hivyohivyo: LAZIMA kwa herufi kubwa ni sharti linalopimwa, "lazima" kwa herufi ndogo ni maelezo, na sema hivyo ukurasa wa kwanza. Sharti likijificha ndani ya fasili, mkaguzi wa mwisho hatalipima.

Neno "handaki" lifafanuliwe mapema. Katika RFC 7348 mahandaki hayahifadhi hali: hakuna kinachofunguliwa wala kufungwa kati ya ncha mbili, kila fremu inafungashwa kwa kanuni peke yake. Tena kati ya NVE mbili hupita fremu za VN nyingi. Kwa hiyo "handaki la VNI 10100" ni kauli mbovu, na "handaki limekatika" haina maana hadi useme kama ni njia ya mtandao wa chini iliyokufa, au habari za anwani hazijafika. Fundi wa zamu atakushukuru kwa tofauti hiyo.

"Lango" nalo lisiandikwe peke yake kamwe. Kuna lango la kutoka VN moja kwenda nyingine, lango la kutoka mtandao wa juu kwenda intaneti au VLAN ya kawaida, na lango kama anwani ambayo mashine pepe imepewa kwenye mipangilio yake ya IP. Taja la nini.

Hatua ya 6: Zipe namba vipimo na mahali

Namba isiyo na mahali ni istilahi mbovu pia. Mfano mkuu ni ukubwa wa juu wa pakiti, MTU. Watu husema "VXLAN inaongeza baiti 50" na hesabu ni sahihi, ila hawasemi 50 hizo zinaongezwa juu ya nini. Pakiti ya IP ya mpangaji yenye baiti 1500 inaongezewa Ethaneti ya ndani 14, VXLAN 8, UDP 8 na IPv4 ya nje 20. Jumla ni 1550, na hiyo ndiyo MTU ya IP ambayo mtandao wa chini unahitaji. Fremu ya nje kwenye waya ni 1564 kabla ya baiti za ukaguzi. Fremu ya ndani ikiwa na lebo ya VLAN, ongeza 4; ya nje ikiwa IPv6, ongeza 20. Geneve bila nyongeza ni sawa na VXLAN, lakini nyongeza zake zinaweza kufika baiti 252. Vifaa vingine huhesabu MTU ya poti pamoja na heda ya Ethaneti na vingine bila, kwa hiyo hati isiandike "MTU 1550" bali "MTU ya IP ya mtandao wa chini isipungue baiti 1550". Kosa hapa lina dalili yake: ping ndogo inapita, ukurasa wa wavuti unaganda. RFC 7348 inakataza VTEP kuikata pakiti ya VXLAN vipande, hivyo pakiti kubwa hupotea tu.

Poti ya UDP ya VXLAN ni 4789, ya Geneve ni 6081. Lakini Linux, kwa sababu za kihistoria, hutumia 8472 usipoitajia. "Pande zote mbili zinatumia VXLAN" inaweza kuwa kweli na bado zisisikilizane. Andika poti.

Upeo wa namba nao hutofautiana. Biti 24 zinatoa thamani 16,777,216, dhidi ya VLAN zinazotumika 4,094. Ila NVGRE imehifadhi VSID kuanzia 0 hadi 4095, pamoja na ile ya mwisho kabisa. Mpango wa namba unaoanza na 500 utafanya kazi katika VXLAN na kukataliwa katika NVGRE.

Hatimaye sema namba inasomwaje. Chukua 10100, ambayo kwa msingi wa 16 ni 2774. Heda za baiti nane zitaonekana hivi:

```
VXLAN   08 00 00 00  00 27 74 00
Geneve  00 00 65 58  00 27 74 00
NVGRE   20 00 65 58  00 27 74 xx
```

Namba ni baiti ya tano hadi ya saba. Baiti ya nane haimo: katika VXLAN na Geneve imehifadhiwa, katika NVGRE ni FlowID, kitambulisho cha mtiririko. Anayesoma baiti nne za mwisho kwa pamoja atapata 2,585,600 na kudai kuwa kifaa kina hitilafu. Kosa la pili la aina hii liko upande wa BGP. EVPN hubeba VNI katika uga wa lebo wenye biti 24, wakati lebo ya MPLS ni biti 20 za juu za uga huo. Kifaa au programu inayouonyesha kama lebo ya MPLS itaandika 631 badala ya 10100. Ukiona namba iliyogawanywa kwa 16, usibadilishe mipangilio. Andika katika jedwali kwamba chombo kile kinaonyesha hivyo.

Hatua ya 7: Kagua hati kwa mtihani wa kubadilisha

Toa orodha ya kila mahali neno lenye utata linapotokea:

```
grep -nE '\b(VNI|VNIs|VNID|VSID)\b' hati.txt
```

Katika kila mstari, weka "namba ya biti 24" badala ya VNI, usome. Kisha weka "nakala ndani ya NVE moja", usome tena. Sentensi ikikubali moja tu, iko salama, na kazi yako ni kuhakikisha hiyo moja ndiyo uliyoiahidi katika Hatua ya 3. Ikikubali zote mbili, iandike upya. Ikikataa zote mbili, huenda mwandishi alikusudia VN yenyewe. "Sera hutumika kwa kila VNI" mara nyingi ni hivyo. Ile ya mwanzo wa mwongozo huu, baada ya kumuuliza mwandishi, inaweza kuwa: "Kila VN LAZIMA iwe na VNI moja, ileile katika NVE zote, na VN mbili HAZIPASWI kushiriki VNI." Ndefu kidogo, lakini haina njia mbili za kuisoma.

Rudia kwa NVE, VTEP, lango, handaki na MTU. Kisha linganisha hati na kifaa kinachofanya kazi:

```
ip -d link show vxlan10100
tcpdump -nn -XX -i eth0 udp port 4789
```

Amri ya kwanza inaonyesha `id` na `dstport`. Ya pili inaonyesha baiti zenyewe: kwenye Ethaneti isiyo na lebo ya VLAN na IPv4 isiyo na nyongeza, heda ya VXLAN inaanza baada ya baiti 42, na VNI iko kwenye baiti za 46, 47 na 48 ukihesabu kuanzia sifuri. Kama usanifu unasema 10100 na waya unasema 00 27 74, maneno yameshika.

Mpe pia mtu ambaye hakuhudhuria vikao vyenu achore mtandao kutokana na hati pekee. Akiuliza "hii VNI ni ipi?" hata mara moja, rudi Hatua ya 3.

Jedwali likishakamilika, liwekee tarehe na namba ya kila RFC. RFC haibadilishwi ikishatoka. Marekebisho madogo huwekwa katika orodha ya makosa ya hati hiyo, na makubwa huja kama RFC mpya. Mfano ni RFC 5512, iliyokuwa ikinukuliwa kwa kutangaza aina ya ufungashaji kupitia BGP: nafasi yake ilichukuliwa na RFC 9012 mwezi Aprili 2021. Hati yako ikiwa bado inaelekeza kwenye ile ya zamani, sahihisha rejeo, kisha pitia upya safu zote za jedwali zilizoitegemea.